Waliopanda milimani: Waitaliano waliopigana na ufashisti kwao wenyewe, na Msomali aliyekufa pamoja nao

Mleta uzi:

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, tuvumiliane.

Nianze na ukuta. Mjini Bologna, kaskazini mwa Italia, nilikosoma miaka miwili, kuna uwanja unaitwa Piazza del Nettuno. Kwenye ukuta wa jengo la zamani la serikali ya mji pamebandikwa picha za watu zaidi ya 2,000. Ni picha ndogo ndogo, kila moja na jina lake. Utaona vijana wenye sura za kidato cha nne, wazee, akina mama. Nilipita pale wiki nzima nikidhani ni kumbukumbu ya wanajeshi, mpaka mama mmoja muuza magazeti akanisahihisha: hao hawakuwa jeshi, ni raia waliochukua silaha. Na hapo hapo ukutani ndipo mafashisti walipokuwa wakiwapiga risasi na kuiacha miili hadharani, na kibao cha dhihaka juu yake kwamba hapa ndipo wapiganaji wanapopumzikia. Mji ulipokombolewa tarehe 21 Aprili 1945, ndugu zao walianza kuja mmoja mmoja kubandika picha na kuweka maua. Hakuna aliyewaagiza.

Sasa upande wangu. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, alipigana Uhabeshi mwaka 1941 mpaka Gondar. Tulikua tukimsikia akisimulia Mtaliano anavyonyoosha mikono juu. Kwa hiyo mimi kichwani nilikuwa na Mtaliano wa aina moja tu. Ule ukuta ulinifanya nianze kusoma, na nilichokikuta ndicho nataka tukijadili: watu hawa waliopanda milimani kuanzia 1943 walikuwa wakipigana na watu wale wale walioichoma Addis Ababa. Sisemi kwa mfano. Nawasema kwa majina.

Tarehe 25 Julai 1943, majeshi ya Uingereza na Marekani yakiwa yameshatua Sicily, mambo yalimgeukia Mussolini. Baraza Kuu la chama chake mwenyewe lilimpigia kura ya kumkataa, na mfalme Victor Emmanuel III akamwondoa na kuamuru akamatwe. Uwaziri mkuu akapewa Marshal Pietro Badoglio. Jina hilo lishikeni, ndiye aliyeingia Addis Ababa kwa ushindi Mei 1936, baada ya vita ambavyo ndege zake ziliwanyunyizia Wahabeshi gesi ya sumu.

Jioni ya 8 Septemba, Badoglio alitangaza redioni kwamba Italia imeweka silaha chini. Kuhusu Wajerumani, ambao tayari walikuwa wamejaa nchi nzima, alisema tu kwamba majeshi yatajibu shambulio litakalotoka kwingine. Amri ya maana haikutolewa. Alfajiri yake mfalme na Badoglio wakatoroka Roma, wakakimbilia Brindisi, kusini kabisa. Jeshi likabaki kama watoto walioachwa sokoni. Wajerumani waliwanyang'anya silaha kambi moja baada ya nyingine, na zaidi ya askari 600,000 wakasombwa kwa treni kupelekwa makambini Ujerumani. Wengi wao walipewa nafasi ya kutoka kwa sharti la kuja kupigana upande wa Hitler na Mussolini. Wakakataa, na maelfu wakafia huko kwa njaa na kazi. Hao nao huwa hawatajwi sana.

Waliofanikiwa kukimbia waliokolewa na wanawake. Nyumba kwa nyumba, akina mama walifungua makabati wakatoa suruali za waume zao na mashati ya wanao walioko vitani, wakawavisha askari wasiowajua ili waonekane raia. Mapambano ya Italia, ukiniuliza mimi, yalianzia kwenye hayo makabati.

Siku 4 baadaye, makomando wa Kijerumani walimtoa Mussolini alikozuiliwa, mlima Gran Sasso. Hitler akamweka kuongoza serikali kibaraka kando ya Ziwa Garda, ile inayoitwa Jamhuri ya Salò. Na waziri wake wa ulinzi akawa nani? Marshal Rodolfo Graziani.

Kwa wasiomjua: huyu ndiye aliyekuwa mtawala wa Italia pale Addis Ababa. Tarehe 19 Februari 1937 vijana wawili wa Kieritrea walimrushia mabomu ya mkono. Alinusurika. Kwa siku 3 mji ukaachiwa wauaji: nyumba zikachomwa moto na watu wakiwa ndani, watu wakauawa kwa majembe na marungu barabarani. Ethiopia inahesabu waliokufa kuwa 30,000. Wapo wanahistoria wanaotaja idadi ndogo kuliko hiyo, lakini hakuna anayeshuka chini ya maelfu. Mei mwaka huo huo, kwa amri yake, mamia ya watawa na mashemasi wa monasteri ya Debre Libanos wakapigwa risasi.

Basi Graziani huyo ndiye aliyewatangazia vijana wa Italia kaskazini: njooni jeshini. Walipositasita, Februari 1944 ikatoka amri kwamba asiyeripoti atauawa. Kijana wa miaka 19 akabaki na njia mbili, na wengi wakachagua mlima. Amri hiyo iliwapa wapiganaji watu wengi kuliko hotuba yoyote.

Naenda kazini. Nitaendelea jioni.

Mdau wa Tanga:

Mkuu, uzi mzuri, lakini niulize bila kukuudhi. Hawa si walikuwa pamoja na Hitler toka mwanzo? Walimpigia makofi Mussolini miaka 20. Meli inazama ndiyo wanaruka. Huo ni ukombozi au ni ujanja?

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Tanga, swali lako ni la haki na hata Waitaliano wenyewe wanaulizana. Ndiyo, wengi walimpigia makofi. Na wengi waliopanda mlimani 1943 walikuwa wameshavaa shati jeusi la kifashisti shuleni, maana mtoto wa miaka hiyo hakuwahi kuona serikali nyingine.

Lakini wapo waliokataa toka mwanzo, na walilipa. Mbunge Giacomo Matteotti alisimama bungeni mwaka 1924 akaeleza jinsi uchaguzi ulivyochafuliwa kwa vitisho. Siku chache baadaye, tarehe 10 Juni, akatekwa Roma na kuuawa. Antonio Gramsci, kiongozi wa wakomunisti, alikamatwa 1926 akafa 1937 mwili umeshamalizwa na jela. Ndugu wawili, Carlo na Nello Rosselli, waliuawa Ufaransa, alikokuwa uhamishoni Carlo, mwaka huo huo wa 1937. Sasa sikiliza majina ya vikosi vya mlimani: vya wasoshalisti viliitwa Matteotti. Vya Chama cha Utekelezaji viliitwa Giustizia e Libertà, yaani Haki na Uhuru, jina la harakati aliyoianzisha Carlo Rosselli. Vya wakomunisti, vilivyokuwa vingi zaidi, viliitwa Garibaldi. Wakatoliki walikuwa na vyao, Miali ya Kijani, na wapo waliokuwa askari watupu wasiotaka chama chochote. Kamati ya Ukombozi wa Taifa iliyoundwa Roma tarehe 9 Septemba 1943, siku moja tu baada ya lile tangazo, ilikalisha vyama 6 meza moja. Watu ambao kabla ya hapo wasingesalimiana.

Nikupe mtu mmoja wa kumfikiria. Ilio Barontini, mfanyakazi wa reli kutoka Livorno. Alikimbia ufashisti, akapigana Hispania upande wa jamhuri. Mwishoni mwa 1938 chama chake kikampeleka wapi? Uhabeshi. Yeye na wenzake wawili, Anton Ukmar na Domenico Rolla, waliingia kwa siri kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kihabeshi dhidi ya jeshi la Italia, nchi yao wenyewe. Wakajulikana huko kama Paulus, Johannes na Petrus, ndiyo maana wengine wanawaita mitume watatu. Baadaye Barontini akapigana na Wajerumani walioikalia Ufaransa, na mwishowe akarudi Italia kufundisha vikundi vya mjini kutengeneza mabomu na kushambulia kwa kushtukiza. Bologna, kwenye ule ukuta niliouanzia, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wapiganaji wa mkoa mzima. Ukmar naye alikuwa kamanda milimani juu ya Genoa.

Kwa hiyo walikuwepo Waitaliano waliopigana na jeshi la mafashisti Afrika kabla Graziani hajawageukia watu wa nchi yake. Walikuwa wachache mno, nakubali, na ndiyo maana nawataja.

Mdada wa Mwanza:

Kaka, umetaja akina mama na makabati ya nguo. Basi na baada ya hapo walifanya nini? Maana historia ikifika kwenye bunduki sisi tunapotea.

Mleta uzi:

Dada, hapo umenigusa. Bila wao hakuna jeshi la mlimani, tuseme wazi.

Kikosi kikiwa mlimani kinahitaji chakula, dawa, habari za mjini, risasi, na kujua barabara ipi ina kizuizi. Mwanaume kijana akionekana barabarani anakamatwa papo hapo, kwanza kwa kukwepa jeshi. Msichana kwenye baiskeli anapita. Walioitwa staffetta, wapeleka ujumbe, walibeba barua ndani ya nywele, bastola chini ya viazi kapuni, magazeti ya siri chini ya mtoto mchanga. Wakishikwa, mateso yao yalikuwa mabaya kuliko ya wanaume. Irma Bandiera wa Bologna alikamatwa Agosti 1944, akateswa siku kadhaa ili ataje wenzake. Hakutaja hata mmoja. Walimuua wakaiacha maiti yake barabarani karibu na nyumba ya wazazi wake. Picha yake ipo ukutani.

Baiskeli iliwasumbua Wajerumani kiasi kwamba Roma waliipiga marufuku kabisa, maana wapiganaji walishambulia na kutokomea nayo vichochoroni. Watu wakaongeza gurudumu la tatu dogo nyuma: si baiskeli tena hiyo.

Wanawake 35,000 walitambuliwa rasmi baada ya vita kuwa wapiganaji. Mmoja alikuwa Tina Anselmi. Septemba 1944, akiwa na miaka 17, yeye na wanafunzi wenzake walipelekwa kwa nguvu kutazama vijana 31 walionyongwa kwenye miti ya mji wa Bassano del Grappa. Muda mfupi baadaye akawa staffetta. Mwaka 1976 akawa waziri wa kwanza mwanamke katika historia ya Italia. Na katika bonde la Ossola, mpakani na Uswisi, ambako wapiganaji waliwatimua mafashisti wakaunda serikali yao iliyodumu kama siku 40, kati ya Septemba na Oktoba 1944, Gisella Floreanini alipewa wizara. Wanawake wa Italia hawakuwa hata na haki ya kupiga kura wakati huo.

Mdau wa Tanga:

Nimekuelewa kuhusu Barontini, na nashukuru. Lakini nimesoma mahali kwamba wapiganaji wakishambulia, Wajerumani wanalipiza kwa raia. Je, ni haki kurusha bomu ukijua kesho watauawa wasiohusika?

Mleta uzi:

Hili ndilo swali zito kuliko yote na sitalikimbia.

Tarehe 23 Machi 1944, Roma, mtaa wa Rasella. Mwanafunzi wa udaktari aliyevaa kama mfagiaji wa barabara aliacha mkokoteni wa taka wenye bomu. Kikosi cha polisi wa Kijerumani kilikuwa kinapita kikiimba. Walikufa 33. Amri ikaja: kumi kwa kila mmoja. Kesho yake, bila tangazo lolote la kuwataka wahusika wajitokeze, watu 335 wakapelekwa kwenye mapango ya Ardeatine nje ya mji, mikono imefungwa nyuma, wakapigwa risasi za kisogo watano watano. Walizidi hesabu kwa watu 5. Aliyesimamia alikuwa Herbert Kappler wa SS, kikosi cha chama cha Hitler. Mle ndani walikuwemo wafungwa wa siasa, Wayahudi 75, na watu waliokuwa wamekamatwa tu mtaani. Alikuwemo pia Pilo Albertelli, mwalimu wa historia na falsafa wa shule ya sekondari. Huyo mwalimu mkumbukeni, nitarudi kwake.

Mpaka leo Roma kuna familia zinazowalaumu waliotega bomu. Siwezi kumwambia mtoto wa aliyeuawa asilaumu. Lakini tazama na hili: Sant'Anna di Stazzema, kijiji cha milimani Toscana, tarehe 12 Agosti 1944, SS waliwaua watu wapatao 560, wengi wao akina mama, wazee na watoto. Hapakuwa na bomu jana yake wala juzi. Monte Sole, ile inayoitwa Marzabotto, si mbali na Bologna, kuanzia 29 Septemba hadi Oktoba mwanzoni, watu wapatao 770, wengine wakiwa kanisani na makaburini walikokimbilia. Huko lengo lilikuwa kuufanya mlima usiwe na mtu wa kuwapikia wapiganaji. Kwa jumla, raia na wapiganaji walioshikwa na kuuawa namna hiyo Italia nzima ni zaidi ya 23,000. Mimi nahesabu kosa kwa aliyefyatua.

Na kuna jambo linaniumiza zaidi. Mwaka 1994, kwenye jengo la mahakama ya kijeshi Roma, lilipatikana kabati limegeuziwa ukutani. Ndani mafaili 695 ya mauaji hayo, yenye majina ya vijiji na mara nyingine majina ya wauaji. Yalikaa humo miongo kadhaa bila kesi. Ujerumani Magharibi ilikuwa imeshakuwa rafiki, na Italia yenyewe haikutaka kufungua milango ambayo Ethiopia, Libya na Yugoslavia nazo zingepita kudai watu wao. Yaani Mtoscana alinyimwa haki yake ili na Mhabeshi asiipate. Badoglio alikufa kitandani mwake 1956. Graziani alihukumiwa miaka 19 kwa kushirikiana na Wajerumani, akakaa miezi tu baada ya hukumu akatoka. Kwa Addis Ababa hakuna mahakama iliyowahi kumsimamisha. Mwaka 2012 mji mdogo wa Affile ukamjengea mnara.

Mdau wa Nairobi:

Tunafuatilia huku. Vita viliishaje? Na je, ni kweli wapiganaji nao waliuana?

Mleta uzi:

Ni kweli, na anayekupa historia hii bila hilo anakudanganya. Tarehe 7 Februari 1945, Porzûs, karibu na mpaka wa Yugoslavia, wapiganaji wa kikomunisti waliwavamia wenzao wa kikosi cha Osoppo kwa madai ya usaliti, wakaua, na kuua wengine waliowashika siku zilizofuata. Na baada ya Aprili 1945 visasi vilikuwa vingi, hasa Emilia, upande wa Bologna: mafashisti, waliodhaniwa mafashisti, wenye mashamba, hata mapadri. Ilikuwa pia vita vya wenyewe kwa wenyewe, kijiji kimoja, kanisa moja.

Majira ya baridi ya 1944 ndiyo yaliyokuwa mabaya kuliko yote. Novemba, Jenerali Alexander wa Uingereza aliwatangazia redioni wasimamishe operesheni kubwa, wasubiri. Fikiria uko mlimani, theluji magotini, viatu vimeisha, na sauti ya rafiki inakutangazia mbele ya adui anayesikiliza kwamba mpaka masika hakuna anayekuja. Misako ikaongezeka. Wengi walikufa miezi hiyo. Waliovumilia ndio walioshuka Aprili.

Tarehe 25 Aprili 1945 Kamati ya Ukombozi ya kaskazini, kutoka Milan, iliagiza watu wote wainuke. Sandro Pertini, aliyekula jela na uhamisho wa visiwani miaka mingi na baadaye akawa rais wa nchi, ndiye aliyewaita wafanyakazi redioni wagome. Genoa sitaisahau: jenerali wa Kijerumani Günther Meinhold, mwenye maelfu ya askari na mizinga, alisaini kujisalimisha mbele ya Remo Scappini, mfanyakazi wa kiwandani. Wamarekani walipofika bandari ilikuwa nzima na mji una uongozi.

Mussolini alikamatwa 27 Aprili huko Dongo, kando ya Ziwa Como, amejificha kwenye lori la Wajerumani, amevaa koti lao na kofia yao ya chuma. Alipigwa risasi kesho yake. Mwili wake ukaning'inizwa miguu juu Milan, Piazzale Loreto, umati ukauchezea vibaya. Mimi sioni fahari katika hilo. Lakini mjue kwamba uwanja ule ule, Agosti 1944, mafashisti waliwaua wafungwa 15 wakaiacha miili juani siku nzima, na mama zao wakazuiwa kusogea.

Mdada wa Mwanza:

Na yule mwalimu wa Roma? Ulisema utarudi.

Mleta uzi:

Dada, ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo.

Albertelli alikuwa na mwanafunzi mmoja mweusi. Giorgio Marincola, kazaliwa 1923 Mahaday, Somalia, bondeni mwa mto Shebelle. Mama yake Msomali, Ashkiro Hassan, baba yake mwanajeshi wa Kiitaliano. Wazungu wengi huko walizaa na kuwaacha watoto. Huyu baba aliwaandikisha Giorgio na dada yake Isabella kwa jina lake, akawapeleka Italia wangali wadogo, mama akabaki. Giorgio akalelewa na ndugu wa baba huko Calabria, kisha akaja Roma. Alipokuwa darasani nchi ikatunga sheria za ubaguzi, na ile ya 1940 ikakataza kabisa baba Mzungu kumtambua mtoto kama yeye. Alichagua kusomea udaktari. Alitaka kurudi Afrika kutibu magonjwa ya kwetu huku.

Baada ya 8 Septemba aliingia Chama cha Utekelezaji, chama cha mwalimu wake. Machi 1944 mwalimu akafia Ardeatine. Juni Roma ikakombolewa, na mwanafunzi angeweza kurudi chuoni. Badala yake alijiunga na idara ya siri ya Waingereza, na Agosti akarushwa kwa parachuti Biella, kaskazini nyuma ya mstari wa adui. Jina lake la vita lilikuwa Mercurio. Kijana mweusi katika vijiji vya Alps, ambako kujificha kwa rangi hakuwezekani.

Januari 1945 wakamkamata. Wakampeleka kwenye redio yao wakamlazimisha asome maneno ya kuwasema vibaya wapiganaji. Alipokipata kipaza sauti alisema kwamba kwake nchi ni utamaduni na hisia ya uhuru, si rangi yoyote tu kwenye ramani, na kwamba nchi maana yake ni uhuru na haki kwa watu wote wa dunia. Waliokuwa wakisikiliza walisikia kipigo kikianza, kisha redio ikanyamaza.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Rangi kwenye ramani. Somalia ilipakwa rangi ya Italia siku aliyozaliwa.

Akapelekwa kambi ya Bolzano. Mwisho wa Aprili kambi ikafunguliwa, Msalaba Mwekundu ukawapa njia ya kwenda Uswisi. Akakataa, akapanda bonde la Fiemme kuungana na wapiganaji wa huko. Majeshi ya Kijerumani ndani ya Italia yalikuwa yameshajisalimisha tangu 2 Mei. Tarehe 4 Mei, kijiji cha Stramentizzo, likaja kundi la SS na bendera nyeupe kwenye kizuizi. Walipofika karibu wakafyatua. Giorgio alikufa hapo pamoja na wapiganaji wengine na wanakijiji. Alikuwa na miaka 21.

Walimpa nishani ya dhahabu, ya juu kabisa. Mwaka 2020 baraza la jiji la Roma liliafiki kituo kipya cha treni ya chini ya ardhi kipewe jina lake badala ya Amba Aradam, jina la mlima wa Uhabeshi alikoshinda Badoglio 1936. Kituo kimefunguliwa kwa jina lingine kabisa, Porta Metronia. Kijiji chenyewe cha Stramentizzo kilimezwa na bwawa la umeme miaka ya 1950. Dada yake Isabella aliishi Mogadishu mpaka vita vya 1991 vilipomtoa, akarudi Italia kama mkimbizi, akafia Bologna 2010.

Na hakuwa Mwafrika peke yake. Kwenye milima ya Marche kulikuwa na Wahabeshi, Waeritrea na Wasomali ambao serikali iliwaleta Naples mwaka 1940 kuonyeshwa kwa watu kwenye maonyesho ya makoloni, vita vikawakwamisha, wakazuiliwa huko Treia. Baadhi walitoroka 1943 wakajiunga na kikosi cha Mlima San Vicino. Carlo Abbamagal, Mhabeshi, alikufa vitani Novemba mwaka huo. Waliletwa kama vitu vya kutazamwa, wakaishia kuikomboa nchi iliyowaleta.

Mdau wa Nairobi:

Mkuu, mimi ni wa upande wa Mai Mahiu. Kanisa dogo la pale barabarani tunapolipita kila siku lilijengwa na wafungwa Waitaliano wa vita hivyo, 1942. Hao sasa walishikwa na akina babu yako. Nitalitazama kwa jicho lingine. Nikija Bologna huo ukuta naupataje?

Mleta uzi:

Ndiyo, hao ni wale waliotekwa Somalia na Uhabeshi 1941, na keya walikuwepo. Babu alikuwa akisema baridi ya Gondar ndiyo iliyomshinda, si Mtaliano. Nilipompigia mama kumweleza kuhusu Marincola, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza kama yule mama wa Kisomali aliambiwa.

Ukutani ni rahisi. Ukishuka stesheni, fuata barabara ya Indipendenza moja kwa moja kama dakika ishirini kwa miguu, mpaka uone sanamu kubwa ya shaba ya mungu wa bahari juu ya chemchemi. Ukuta uko mkono wako wa kulia. Nenda asubuhi mapema, kabla watu hawajaegemeza baiskeli.